Dari la Gari Halifungwi na Mtu Mmoja

Jumamosi, tarehe 18 Januari. Saa mbili asubuhi joto lilikuwa limeshafika digrii thelathini na moja, upepo wa kaskazini ukivuma na vumbi jekundu, na angani hakuna hata wingu la kuazima.

Kwa ambao hawakunisoma wiki zilizopita: mimi ni Lisiate, Mtonga wa visiwa vya Vava'u, huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu hapa Mildura, Australia. Mgongo wangu uliharibikia kwenye mashamba ya zabibu, kazi ikaniacha, na nikiwa na miaka hamsini na mbili nikajiandikisha masomo ya jioni ya kuvalisha magari ndani: viti, milango, dari. Agosti tulimzika baba. Siku hiyohiyo ikapotea ngatu kubwa ya mama, kitambaa cha gome alichokiponda kwa mikono yake akiwa bado kisiwani. Ilipotea kwenye chumba cha vitu vya msiba. Ufunguo wa chumba kile alikuwa nao mke wangu, Meliame.

Ngatu ile ilikuwa haki ya shangazi Fusipala, dada mkubwa wa baba. Kwetu dada wa marehemu ndiye mkubwa wa msiba. Kilicho bora kuliko vyote huenda kwake, wala hakuna anayemuuliza atakifanyia nini.

Shangazi hakusema kwamba Meliame ni mwizi. Alihama benchi tu. Benchi letu kanisani likabaki na watu wawili, mimi na mke wangu, na wiki iliyofuata jina langu likatoka kwenye orodha ya wahubiri.

Kwa miezi mitano nimeomba jambo moja asubuhi na jioni, kwamba ngatu ionekane. Sikumwambia Mungu ionekane wapi. Hilo ni kosa langu.

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta Jumamosi.

Mchungaji Kolotau alikuwa amenipa kazi. Gari la kanisa, lile jeupe la viti kumi na viwili, ni tanuri wakati wa kiangazi. Krismasi shangazi alizimia ndani yake njiani kutoka Adelaide. Tena lina kelele, wazee wakiimba nyuma, dereva husikia matairi tu. Mchungaji akaniambia, "Umesoma, Lisiate. Tuwekee kitu juu ya dari, joto na kelele vipungue. Na Jumapili utahubiri. Nimelirudisha jina lako."

Nililia kidogo. Sioni haya kulisema.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera, na nililiandika kwenye daftari langu la masomo, pembeni, kwa penseli. Alhamisi shangazi alimwambia Mchungaji, "Paa la gari lile lisichokonolewe." Ijumaa mke wangu akaniambia karibu maneno yaleyale. Wanawake hawa wawili hawajasalimiana tangu Agosti. Hawakubaliani hata ni saa ngapi. Kuhusu paa, walikubaliana.

Jumamosi asubuhi Meliame akalirudia wakati wa chai.

"Paa liache. Weka milangoni na chini ya viti."

"Joto linaingilia juu, Meliame. Jua halipigi sakafu."

"Basi ngoja Machi. Litapungua lenyewe."

"Na shangazi azimie tena Februari?"

Alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Nilitoka nje nikapiga magoti kando ya gari, chini ya banda letu la mabati. Niliomba mikono yangu iwe mitulivu, maana Jumatatu mwalimu wangu, Bi Glenys, angekuja kuikagua kazi. Ndio mtihani wangu wa kwanza.

Nilipoinuka nilimkuta shemeji yangu Penisimani amesimama, kofia mkononi, anangoja niseme amina. Yeye ni kaka yake Meliame na ndiye dereva wa gari la kanisa.

"Umemwombea nani, shemeji? Gari?"

"Mikono yangu."

"Mimi naombea mgongo wako. Ukikwama humo ndani, mimi nitamwita Mchungaji tu, sikubebi."

Bi Glenys alitufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: gonga kwanza. Bati tupu la paa hulia kama debe. Likishabandikwa yale mabamba mazito ya kunata yenye mgongo wa alumini, hunyamaza, unasikia kishindo kifupi tu. Ukigonga unajua wapi pa kubandika.

Nikapanda ngazi. Nikagonga juu ya kiti cha dereva. Debe. Nikagonga mwisho kabisa, juu ya mlango wa nyuma. Debe.

Nikagonga katikati.

Penisimani, aliyekuwa akitafuna mkate, akaacha. "Hapo umegonga nini?"

"Paa."

"Mbona linasikika kama godoro?"

Nikagonga tena, nikisogea kiganja kwa kiganja. Kuanzia safu ya pili ya viti mpaka ya nne, paa lilikuwa bubu.

"Limenenepa," Penisimani akasema. "Ni viazi vikuu vya Mchungaji."

Sikucheka. Julai iliyopita, mwezi mmoja kabla ya msiba, nililishusha dari la gari hilohilo. Kitambaa chake kilikuwa kinaning'inia, nikakibandika upya, yakawa mazoezi yangu. Niliona kwa macho yangu kwamba juu yake hakuna kitu, ni bati na mbavu zake. Nikalirudisha. Tangu hapo hakuna aliyesema limefunguliwa.

"Nani amelifungua gari hili baada yangu?" nikauliza.

"Nani tena? Mildura nzima wanaojua kufungua dari la gari ni wawili, wewe na yule mama mzungu wa darasani kwenu."

Alisema kwa utani. Lakini nilijua Jumapili watu wangelisema bila utani.

Tukaanza. Taa za ndani zikatoka, vishikio vya mikono vikatoka, mikanda ya viti ikalegezwa. Nikashika kile kijiti cha plastiki cha kubandulia vibanio, nikavitoa kimoja kimoja na kuvipanga kwenye sahani. Vyote vya kijivu, kama nilivyoviacha Julai.

Cha sita hakikuwa kibanio. Tundu lilikuwa tupu, na dari lilikuwa limefungiwa hapo kwa kamba ya makumbi ya nazi, ile tunayosokota kwa mkono na kujifunga kiunoni juu ya mikeka tunayoivaa tunapokwenda kanisani.

Mtu alikuwa amevunja kibanio akashindwa kupata kingine. Akafunga kwa alichokuwa nacho.

Niliivuta kamba ile kwenye mwanga. Ilisokotwa kutoka kushoto. Wanawake wote ninaowajua husokota kutoka kulia. Mmoja tu hutumia mkono wa kushoto, na asubuhi ile alikuwa amenimiminia chai.

"Shemeji," nikasema, "hii kamba ni ya nani?"

Penisimani aliitazama. Halafu akautazama uzio. Kwetu kaka hazungumzii mambo ya dada yake, hata kwa wema. Wakiwa chumba kimoja, mmoja hutoka.

"Mimi sijaona kamba," akasema.

"Iko mkononi mwangu."

"Basi iko mkononi mwako. Mimi sijaiona."

Tukatoa vibanio vilivyobaki. Nikashika mbele, yeye nyuma, tukalishusha dari taratibu mpaka likakaa juu ya migongo ya viti. Kabla sijaona chochote nilisikia harufu. Harufu ya gome na ya rangi ya miti, harufu ya nyumba ya mama.

Ngatu ilikuwa imelala juu ya dari, imekunjwa mara nyingi, bapa, pembe kwa pembe, kama mtu alivyofundishwa kutandika sponji ya kuzuia joto. Ilikuwa imekauka kwa jua la miezi mitano, kingo zake zinavunjika ukizigusa.

Tukaitoa. Tukaifungua nusu nusu kwenye saruji ya banda, maana yote haikuenea. Ngatu huhesabiwa kwa vipande, na kila kipande kina namba yake iliyochorwa ukingoni. Namba za mama nazijua: saba yake ina mkia kama ndoano. Ngatu ile ilikuwa na vipande kumi na vitano. Nilikuwepo siku anachora ya mwisho.

Nikahesabu. Penisimani akahesabu baada yangu, kwa kidole.

Kumi na mbili.

Baada ya kumi na mbili palikuwa na mkato ulionyooka, wa mkasi.

Nilikuwa nimeomba miezi mitano, na jibu lilikuwa miguuni pangu. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike habari hizi, maana moyo wangu haujatulia.

Sikumshukuru Mungu. Sikumwita Mchungaji. Nilisema, "Ikunje. Tuirudishe."

"Tuirudishe wapi?"

"Ilipokuwa."

"Lisiate."

"Inazuia joto, sivyo? Nitabandika mabamba kwenye bati, halafu hii, halafu tunafunga. Bi Glenys hatagonga katikati."

"Atagonga katikati. Umeniambia mwenyewe yule mama hugonga mpaka mlango wa choo."

"Penisimani, kesho nahubiri. Mke wangu ndiye alikuwa na ufunguo. Kamba ni hii. Nani atakayeniuliza zaidi?"

Penisimani akainama akakunja upande wake. Nampenda kwa hilo, na namwonea huruma, maana alikuwa anamficha dada yake bila kumtaja.

Sikubandika hata bamba moja. Tukairudisha ngatu juu ya dari, mimi nikaingia mbele, yeye akasimama kwenye mlango wa nyuma, tukaliinua.

Hapo ndipo nilipogundua jambo, mikono ikiwa juu.

Dari la gari lile lina urefu wa mita tatu na halikunjiki. Ukiinua mbele peke yako, nyuma linajipinda na kuvunjika. Bi Glenys alituambia siku ya kwanza, kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kila mwisho, na lazima wainue pamoja. Julai mimi nilishika mbele. Aliyeshika nyuma alikuwa Meliame. Jioni ile nilimsomea daftari langu lote huku anasokota: kibanio gani hutoka kwanza, kwa nini usivute kwa nguvu. Nilijivuna sana kuwa na mwanafunzi.

Basi ni mimi niliyemfundisha. Lakini Agosti yeye angeshika mbele. Nani alishika nyuma?

"Shemeji," nikasema, "siku ya maziko gari lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukumbi. Funguo niliziacha ndani. Watu walikuwa wanapakua vyakula."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye jiko la shimo, nafukua nguruwe na wenzangu sita. Unanishuku mimi?"

"Leo namshuku kila mtu."

"Anza na wewe. Wewe ndiye unayeirudisha."

Ndipo tuliposikia lango.

Mchungaji Kolotau alikuja mbele, anajipepea kwa gazeti. Nyuma yake shangazi Fusipala, mweusi tii kwa nguo za matanga ambazo hajazivua tangu Agosti, mkoba wake wa kusuka begani. Miezi mitano hakuwa amekanyaga kwetu.

Sisi mikono iko juu. Tukiliachia dari, linavunjika. Tukilishikilia, tunaonekana kama watu waliokamatwa na polisi.

"Kazi inaendaje?" Mchungaji akauliza.

"Inaendelea," nikasema.

"Mbona mmesimama hivyo?"

"Gundi inakauka," akasema Penisimani. Alikuwa na nia njema.

Mikono yangu ikatetemeka. Niliiombea asubuhi yote, lakini ilitetemeka. Ukingo wa ngatu ukateleza kwenye nafasi ya kibanio cha sita, ukashuka polepole kama ulimi, ukaning'inia mbele ya mlango wa pembeni. Kahawia, na namba moja juu yake. Saba yenye mkia.

Mchungaji akaacha kujipepea.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Meliame alitoka na jagi la maji ya tikiti na bilauri. Akaona. Akaweka jagi chini kwenye saruji, sawasawa, lisimwagike.

"Kumbe," akasema shangazi. "Na mikono iliyo juu ni ya mwanangu."

"Shangazi, nimeikuta leo."

"Umeikuta leo, na leo hiyohiyo unaifunga."

Alisema kweli.

"Nilimwambia Mchungaji paa lisiguswe," akaendelea. "Kuna mambo mtu huyaacha kwa ajili ya heshima ya nyumba. Sasa mmeyafungua wenyewe. Na vile vipande vitatu vya mwisho viko wapi, mwanangu? Umeviuza?"

Penisimani, kule nyuma, alinitazama. Nami nikamtazama.

Ngatu ilikuwa imekunjwa juu ya dari. Iliyoonekana ilikuwa namba saba peke yake. Waliohesabu ni sisi wawili, dakika ishirini zilizopita, lango likiwa limefungwa.

Shangazi alijuaje kwamba ni vitatu?

Nilimtazama Meliame. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama shangazi, na haikuwa kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake ainue upande wake.

"Meliame," nikasema, "hii kamba ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiweka wewe?"

"Usiniulize hapa, mzee wangu."

"Nikuulize wapi?"

"Popote, lakini sio hapa."

Mchungaji alinyoosha mkono. "Shusheni hilo dari kwanza. Mtu hawezi kusema kweli akiwa amebeba kitu."

Tukalishusha. Nikatoka garini nikakaa chini kwenye saruji, maana mbele ya shangazi sikai juu. Mgongo ulikuwa unawaka.

"Lisiate," Mchungaji akasema, "kesho unahubiri. Siwezi kumpandisha mimbarini mtu ambaye jambo hili liko kwake halijasemwa. Ama uniambie sasa nani aliificha, ama niliondoe jina lako, na safari hii sitalirudisha. Na mkeo atasimama mbele ya kanisa ajibu peke yake."

"Ndivyo," akasema shangazi upesi. "Ajibu peke yake."

Peke yake. Neno lile lilinikaa kifuani. Nilitazama lile dari, urefu wake, mita tatu.

"Nipe mpaka kesho, Mchungaji," nikasema. "Nitasema."

"Ahadi ni upepo," akasema shangazi. "Aape."

"Sisi hatuapi, Fusipala. Ataahidi, nasi tutasikia. Una Biblia hapo?"

Shangazi alisita. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba ukarudi. "Yako iko wapi?"

"Imebaki ofisini. Nipe yako."

Hakuna mwanamke wa kanisa letu anayeweza kumwambia Mchungaji kwamba hana Biblia, hasa mwenye mkoba wenye umbo la Biblia. Akaitoa. Ilikuwa imefunikwa kwa leso nyeupe. Mchungaji akaiondoa leso, maana ahadi haiwekwi juu ya leso, akanishikisha.

Ilikuwa na jalada jipya. Jalada la gome, kahawia, limeshonwa vizuri kwa uzi mweusi. Watu wengi wana majalada ya namna hiyo, ni zawadi za kawaida.

Niliweka kiganja changu. Chini ya kidole gumba, pembeni kabisa mshono ulipokunjwa, palikuwa na namba. Nilisogeza kidole.

Kumi na nne. Nne ya mama, iliyo wazi juu.

Nikainua macho. Shangazi alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ni yeye aliyeinamisha uso. Nyuma yake Meliame alitikisa kichwa, kidogo sana. Usiseme.

Hawa ndio waliolifunga dari; kwa nini, bado sijui. Mmoja nimemuoa. Mwingine ni mkubwa wa ukoo wangu, ambaye mtoto wa kaka yake hamnyooshei hata kidole. Kuwataja ni kuvunja nyumba mbili. Kunyamaza ni kumwacha mke wangu asimame peke yake kwa mzigo uliobebwa na wawili.

Nilimwomba Mungu anipe sauti. Akanipa.

"Mbele yako, Mchungaji Kolotau," nikasema, "mbele ya shemeji yangu Penisimani, mbele ya mke wangu, na mbele yako, shangazi, naahidi. Kesho nitagonga paa la gari hili mbele ya kanisa zima, na kabla mtu hajainuka kwenye benchi lake nitawataja waliolifunga. Wote wawili."